Kutengeneza safu zako mwenyewe za taarifa ndani ya Microsoft Project

Katika mradi wa kwanza niliokabidhiwa ratiba, jengo la madarasa na maabara, mhandisi msimamizi alikuwa akifika saiti kila Jumatatu saa mbili asubuhi, na swali lake halikubadilika hata mara moja: "Kazi zipi zimechelewa, zimechelewa siku ngapi, na nani anajibu?" Ratiba nilikuwa nayo, tena nzuri, yenye kazi zaidi ya mia mbili ndani ya Microsoft Project. Lakini hapakuwa na safu hata moja iliyolijibu swali hilo kama lilivyoulizwa. Basi kila Jumapili usiku nilinakili tarehe kwenda Excel, nikahesabu siku kwa kalenda ya ukutani, nikajaza majina kwa mkono.

Masika yalipoingia, saiti ilisimama wiki mbili kwa sababu malori ya mchanga na kokoto hayakuweza kupita. Taarifa yangu ya Jumatatu iliyofuata ilionyesha kwamba kazi zote za kuta zimechelewa siku sifuri. Kujumlisha na kutoa nilifanya sawasawa. Tarehe zenyewe ndizo zilizokuwa hazijasogezwa, na mimi sikuwa na chochote cha kunishtua. Tangu hapo nimekuwa nikitengeneza safu zangu ndani ya programu yenyewe, na ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa muda mrefu kwenye safu ya siku za kuchelewa kuliko kwenye nyingine zote.

Maelezo haya ni ya Microsoft Project inayowekwa kwenye kompyuta, toleo la 2013 na yaliyofuata. Majina ya vitufe na ya safu za asili, yaani zinazokuja na programu, nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini, maana ukiyatafsiri hutayapata. Wanaotumia Primavera P6, programu nyingine ya ratiba, watakuta kitu cha jamii hiyo kwa jina la "User Defined Fields", ila kule safu haikokotoi yenyewe kwa fomula. Inabidi uendeshe "Global Change" kila unapotaka ijazwe upya.

Anza na swali, kisha tafuta kama jibu lipo tayari

Chukua karatasi. Andika swali ambalo msomaji wa taarifa anauliza, kwa maneno yake. Chini yake andika atafanya nini akishapata jibu. Mhandisi wangu alitaka siku za kuchelewa kwa sababu zilikuwa zinaingia kwenye barua ya onyo kwa mkandarasi. Kamati ya ujenzi ilitaka kujua kiasi cha kazi kilichofanyika kwa sababu hela ya awamu inayofuata ilikuwa inasubiri kiwango fulani kifikiwe. Haya ni maswali mawili tofauti, na kila moja lina safu yake. Kama huwezi kuandika mstari huo wa pili, safu hiyo haina wa kuisoma, iache.

Baada ya hapo pitia safu ambazo programu inazo tayari. Bofya kulia juu ya kichwa cha safu yoyote, chagua "Insert Column", uone orodha. Nimeona watu wakipoteza siku nzima kutengeneza kitu ambacho kipo: "Finish Variance" inaonyesha tofauti kati ya tarehe ya kumaliza iliyopangwa na ya sasa, "Cost Variance" tofauti ya gharama, "Total Slack" muda ambao kazi inaweza kuchelewa bila kuusogeza mwisho wa mradi.

Kwa nini basi nisitumie "Finish Variance" kwa swali la mhandisi? Sababu ni mbili. Kwanza, safu hiyo inahesabu muda wa kazi tu. Kazi iliyopaswa kuisha Ijumaa jioni ikaisha Jumatatu jioni, kwenye kalenda ya Jumatatu hadi Ijumaa, itaonyesha siku 1. Mikataba mingi ya ujenzi haihesabu hivyo. Kwenye mikataba ya FIDIC ya mwaka 1999, ambayo ni mikataba ya ujenzi ya kimataifa, kwa mfano, "siku" maana yake ni siku ya kalenda, Jumamosi na Jumapili zikiwamo, kwa hiyo ucheleweshaji huo ni siku 3. Ukizidisha tofauti hiyo kwa fidia ya kila siku, si jambo dogo. Pili, safu za asili haziruhusu kuwekewa taa za rangi, yaani alama za nyekundu, njano na kijani. Ni safu maalumu tu, zile unazotengeneza mwenyewe, zinazoruhusu.

Kalenda nayo iangalie mapema. Ile inayokuja na programu, iitwayo "Standard", inafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, saa 2 hadi saa 6, kisha saa 7 hadi saa 11 jioni. Saiti nyingi za kwetu zinapiga kazi na Jumamosi. Irekebishe kwenye "Change Working Time" ndani ya menyu ya "Project", la sivyo tarehe zote ambazo safu yako itazisoma zitakuwa za ofisini wakati mafundi wako saiti.

Kuchagua aina ya safu

Microsoft Project haikuruhusu kuzaa safu bila kikomo. Imekuwekea nafasi tupu zenye aina zake, na wewe unazichukua na kuzipa jina. Kwa upande wa kazi kuna "Text" 30 za maandishi, "Number" 20 za namba, "Flag" 20 za ndiyo au hapana, na kumi kumi za "Cost", "Date", "Duration", "Start", "Finish" na "Outline Code". Upande wa rasilimali, yaani watu, mitambo na vifaa, una nafasi zake tofauti.

Kosa la kawaida ni kuweka kila kitu kwenye "Text" kwa sababu inapokea chochote. Ukipanga namba zilizohifadhiwa kama maandishi, 10 inakuja kabla ya 2, na kazi iliyochelewa siku 100 inakaa juu ya iliyochelewa siku 9. Huwezi kuzijumlisha pia. Namba iende "Number", hela iende "Cost".

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani mpaka umekunasa. Nafasi za "Start" na "Finish", kuanzia 1 hadi 10, ndizo programu inazozitumia kuhifadhi mipango ya kati, yaani nakala za tarehe za ratiba zinazowekwa mradi ukiendelea, ukibofya "Set interim plan". Ukiweka tarehe zako humo, siku mwenzako akihifadhi mpango wa kati zitafutwa bila kelele. Tarehe zako ziweke kwenye "Date".

Ukihitaji kutumia muda wa kazi ndani ya fomula, ujue kwamba programu inauhifadhi kwa dakika. Kazi ya siku 5 inayosomeka "5 days" kwenye skrini, ndani ya fomula ni 2400, kwa sababu siku moja ya saa 8 ni dakika 480. Usigawanye kwa 480 moja kwa moja. Gawanya kwa sehemu iitwayo [Minutes Per Day], ili kama saiti yenu inahesabu saa 9 kwa siku, fomula ifuate.

Safu ya siku za kuchelewa

Safu hii inalinganisha tarehe mbili, na moja kati yake ni ya mpango uliokubaliwa mwanzoni. Kama hujauhifadhi mpango huo, hakuna cha kulinganisha. Nenda "Project", kisha "Set Baseline", uhifadhi kwa mradi mzima. Programu inaweza kutunza mipango 11: mmoja wa kwanza usio na namba, na mingine kuanzia 1 hadi 10. Mkandarasi akipewa nyongeza ya muda kwa barua, usiufute wa kwanza. Hifadhi mpya kama "Baseline 1", na kwenye fomula ubadilishe jina la safu ya tarehe. Siku mnabishana mezani utahitaji yote miwili.

Halafu weka tarehe ya taarifa. Iko kwenye "Project Information", sehemu ya "Status date". Hii ni tarehe ambayo taarifa yako inasema "mpaka siku hii hali ilikuwa hivi". Programu ina pia tarehe ya leo, na watu wengi huitumia kwa kuwa inajijaza yenyewe, lakini inabadilika kila siku. Taarifa uliyochapa Ijumaa, mhandisi akifungua faili hilo hilo Jumatatu ataona namba nyingine, na ubishi utaanzia hapo.

Sasa fungua "Project" kisha "Custom Fields". Juu ya dirisha hakikisha umechagua "Task". Upande wa "Type" chagua "Number". Bofya Number1, kisha "Rename", uandike: Siku za Kuchelewa. Chini yake bofya "Formula". Programu itakuonya kwamba data iliyokuwa ndani ya safu hiyo itafutwa, kwa sababu kuanzia sasa itajazwa na fomula. Onyo hili lisome kila mara. Kama kuna mtu alikuwa amejaza kitu kwenye Number1 kwa mkono, kitapotea.

Fomula nyepesi, inayofanya hesabu ile ile niliyoifanya kwa mkono kabla ya masika, ni hii:

DateDiff("d",[Baseline Finish],[Finish])

Inahesabu siku za kalenda kutoka tarehe iliyopangwa hadi tarehe ya sasa ya kumaliza. Inaonekana imekamilika, lakini ina matundu mawili.

Tundu la kwanza ni kazi isiyo na mpango. Kazi iliyoongezwa baada ya kuhifadhi "Baseline", tuseme mfereji wa maji ya mvua ambao haukuwamo kwenye michoro ya awali, kwenye tarehe ya mpango itasomeka "NA". Fomula ikikutana nayo inatoa kosa.

Tundu la pili ndilo lililonipata mimi. Microsoft Project haisogezi kazi yenyewe eti kwa sababu siku zimepita. Kama ukuta ulipangwa kuisha tarehe 10, leo ni tarehe 24, na hakuna aliyegusa chochote kwenye faili, tarehe ya kumaliza bado inasema 10. Kumi kutoa kumi ni sifuri. Ratiba inakuambia uko sawa wakati saiti imejaa maji. Njia iliyo rasmi ni kufungua "Update Project" na kuiambia isogeze kazi zote zisizokamilika zianze baada ya tarehe ya taarifa. Fanya hivyo kila wiki. Lakini siku utakayosahau, na utasahau, fomula yenyewe iwe na macho:

IIf(ProjDateValue([Baseline Finish])=ProjDateValue("NA"),-9999,IIf([% Complete]<100 And [Finish]<[Status Date],DateDiff("d",[Baseline Finish],[Status Date]),DateDiff("d",[Baseline Finish],[Finish])))

Isome polepole kutoka kushoto. Kama kazi haina mpango, andika -9999. Kama ina mpango lakini haijakamilika, na tarehe yake ya kumaliza imeshapitwa na tarehe ya taarifa, hesabu siku kutoka kwenye mpango hadi tarehe ya taarifa. Vinginevyo hesabu kutoka kwenye mpango hadi tarehe ya kumaliza. Ile -9999 nimeichagua kwa makusudi. Ningeandika 0, kazi isiyo na mpango ingejificha katikati ya kazi zinazokwenda vizuri. Namba mbaya namna hiyo hakuna anayeweza kuipita bila kuuliza.

Majina yaliyo ndani ya mabano ya mraba usiyaandike kwa mkono kama unaweza kuepuka. Bofya "Field" ndani ya dirisha la fomula uyachague, maana nafasi moja iliyozidi inatosha kuiharibu. Fomula ikikataa kabisa ingawa maneno yote yako sawa, angalia mambo mawili. La kwanza ni alama za kunukuu: ukinakili kutoka WhatsApp au Word, huja zimepinda, na Project inataka zilizonyooka. La pili ni alama ya kutenganisha. Kompyuta iliyowekwa mipangilio ya kimaeneo ya nchi kadhaa za Ulaya inataka nukta mkato mahali pa mkato.

Kazi mama zihesabiwe vipi?

Ukifunga dirisha utaona kazi ndogo zimejazwa, lakini kazi mama, zile zinazobeba nyingine chini yake kama "Msingi" au "Kupaua", hazijahesabiwa. Rudi "Custom Fields" utazame sehemu ya "Calculation for task and group summary rows". Imewekwa "None". Una njia mbili nyingine: "Rollup", ambayo inakusanya namba za chini, na "Use formula", ambayo inaendesha fomula ile ile juu ya tarehe za kazi mama yenyewe.

Hapa ndipo taarifa nyingi zinapoharibika, kwa hiyo fikiri. Ukichagua "Rollup" na "Sum", kazi tatu zilizochelewa siku 5 kila moja kwa wakati mmoja zitaifanya kazi mama isomeke siku 15, jambo ambalo si kweli hata kidogo. Ukichagua "Average", kazi moja iliyochelewa siku 30 itazama ndani ya tisa zilizo sawa na utaona 3. "Maximum" itakuonyesha mbaya kuliko zote, ambayo inafaa kwa mtu anayetafuta moto ulipo. Mimi natumia "Use formula", kwa sababu mhandisi akiuliza "kupaua kumechelewa siku ngapi" anamaanisha hatua nzima itaisha lini ukilinganisha na ilivyopangwa. Kuchelewa kwa kenchi moja ambako hakusogezi mwisho wa hatua hiyo nitamweleza kwenye mstari wake.

Maneno kwanza, taa baadaye

Namba pekee haimtoshi mwenyekiti wa kamati anayeishika karatasi kwa dakika mbili. Chukua Text1, ipe jina Hali, na fomula hii:

Switch([% Complete]=100,"Imekamilika",[Siku za Kuchelewa]=-9999,"Haina mpango",[Siku za Kuchelewa]>7,"Imechelewa",[Siku za Kuchelewa]>0,"Inayumba",[Siku za Kuchelewa]<=0,"Iko sawa")

"Switch" inasoma masharti kwa mpangilio na inasimama kwenye la kwanza lililotimia. Ukiweka ">0" kabla ya ">7", hakuna kazi itakayosomeka "Imechelewa" milele, kwa sababu kila iliyozidi siku 7 imeshazidi 0. Siku 7 ni kipimo tulichokubaliana kwenye kikao. Ninyi wekeni chenu, lakini kikubalike mbele ya mkandarasi kabla taarifa ya kwanza haijatoka. Kwenye kazi mama chagua "Use formula" hapa pia.

Kwa taa, chukua Text3, iite Taa, fomula yake iwe [Hali] tu. Kisha kwenye "Values to display" bofya "Graphical Indicators". Weka masharti: ikilingana na "Imechelewa" iwe nyekundu, "Inayumba" iwe njano, "Iko sawa" iwe kijani, "Haina mpango" iwe ya buluu. Dirisha hili lina sehemu tatu, ya kazi za kawaida, ya kazi mama na ya mradi mzima, nazo zinaweza kurithiana masharti. Nimezitenga Taa na Hali kwa sababu ukiweka alama kwenye safu, maneno yake yanafunikwa, na mashine ya kuchapa ya ofisi nyingi ni ya rangi nyeusi tu. Nyekundu na kijani zikitoka kwenye karatasi zote ni kijivu.

Mhusika

Safu ya Text2, jina Mhusika. Hii haina fomula. Inajazwa na mtu. Usiiache wazi kila mmoja aandike apendavyo, maana baada ya mwezi utakuwa na "Fundi bomba", "Mafundi bomba" na "F/bomba", na ukipanga kwa makundi watu wale wale watatokea mara tatu. Bofya "Lookup", andika orodha: Mkandarasi mkuu, Fundi umeme, Fundi bomba, Fundi paa, Mhandisi msimamizi, Kamati ya ujenzi. Kwenye "Data entry options" usiweke tiki kwenye ruhusa ya kuongeza maneno mapya. Anayetaka jina jipya aje kwako.

Ushauri wangu hapa unatokana na kuvunjika kwa uhusiano na fundi mmoja mzuri: andika anayeweza kuikwamua kazi, hata kama siye anayeifanya. Kama plasta imesimama kwa sababu kamati haijalipia saruji, mhusika ni kamati. Ukiandika jina la fundi, unamshtaki hadharani kwa kosa lisilo lake.

Kiasi cha kazi kilichofanyika

Swali la kamati, "tumefika asilimia ngapi", linaonekana jepesi kwa sababu programu ina safu ya "% Complete" tayari. Lakini safu hiyo inapima muda. Kazi ya siku 10 ikiandikiwa siku 5 zilizotumika, inasomeka 50, hata kama ukuta uko kozi ya tatu. Kwa kiasi halisi tumia "Physical % Complete", ambayo unaijaza kwa mkono baada ya kwenda saiti na kutazama kwa macho, ikibidi kwa futi mkononi.

Sasa hesabu ya mradi mzima. Tuseme msingi umepangiwa shilingi milioni 8 na umekamilika kwa asilimia 100. Kuta milioni 14, zimefika asilimia 50. Kupaua milioni 28, hakujaanza. Ukichukua wastani wa asilimia hizo unapata 50. Kwa hela, kazi iliyofanyika ni milioni 8 na milioni 7, jumla 15 kati ya 50, yaani asilimia 30. Kamati iliyoambiwa 50 itadhani nusu ya safari imekwisha, wakati paa, lenye gharama kubwa kuliko yote, liko mbele lote.

Tengeneza safu mbili. Cost1, jina Thamani Iliyofanyika:

[Baseline Cost]*[Physical % Complete]/100

Kwenye kazi mama chagua "Rollup", kisha "Sum", kwa sababu hela zinajumlishika. Halafu Number2, jina Asilimia ya Thamani:

IIf([Baseline Cost]=0,0,Int([Thamani Iliyofanyika]/[Baseline Cost]*100+0.5))

Hii ya pili iwekewe "Use formula". Ile 0.5 ni ya kukadiria kwenye namba nzima iliyo karibu. Sharti la mwanzo linazuia kugawanya kwa sifuri kwenye kazi zisizo na gharama, kama kusubiri zege likauke.

Ukiongeza kazi mpya na kuihifadhia mpango peke yake, gharama yake haitaingia kwenye kazi mama mpaka uweke tiki ya "To all summary tasks" kwenye dirisha la "Set Baseline". Ukisahau, asilimia ya hatua nzima inaweza kuvuka 100.

Jaribu kabla ya kutuma

Hifadhi nakala ya faili lenye safu zako, futa kazi zake zote, weka kazi tano za kubuni ambazo jibu lake unalijua kichwani: moja iliyokamilika kwa wakati, moja iliyokamilika siku 3 baadaye, moja ambayo haijaguswa na tarehe yake imepita, moja isiyo na mpango, na moja ya mwezi ujao. Linganisha safu na jibu lako. Ukiona #ERROR, mara nyingi ni tarehe yenye "NA", na ya kwanza kuishuku ni tarehe ya taarifa ambayo hujaiweka. Jaribio hili linachukua dakika ishirini. Lingeokoa taarifa yangu ya masika.

Jedwali na karatasi

Usiziingize safu hizi kwenye jedwali la "Entry" unalotumia kila siku, litakuwa refu mpaka usione mchoro wa ratiba. Nenda "View", "Tables", "More Tables", ubofye "New". Jina: Taarifa ya Jumatatu. Weka safu kwa mpangilio ambao jicho linauliza: jina la kazi, Taa, Hali, Siku za Kuchelewa, Mhusika, tarehe iliyopangwa, tarehe ya sasa. Weka tiki kwenye "Show in menu". Jedwali la kamati litengeneze peke yake, lenye Thamani Iliyofanyika na Asilimia ya Thamani, na kazi mama tu zikiwa wazi.

Kwa mhandisi nachuja zibaki kazi ambazo Hali yake ni "Imechelewa" au "Haina mpango", nazipanga kwa makundi ya Mhusika, na ndani ya kila kundi iliyochelewa zaidi inakaa juu. Mradi wa kazi mia mbili unaingia kwenye ukurasa mmoja wa A4 uliolala.

Kuzihamishia kwenye mradi mwingine

Safu maalumu zinaishi ndani ya faili ulilozitengenezea. Ili zipatikane kila unapoanza mradi mpya, fungua "File", "Info", kisha "Organizer". Kwenye kichupo cha "Fields" zinakili kutoka faili lako kwenda Global.MPT, ambayo ni hazina ya pamoja ya programu kwenye kompyuta yako. Nakili safu kwanza, majedwali yafuate, kwa kuwa jedwali linategemea safu. Kwa mwenzako mwenye kompyuta nyingine, mtumie faili tupu lenye safu hizo naye afanye hivyo hivyo upande wake. Na kabla hajanakili muulize kama Number1 au Text1 anazitumia kwa jambo lingine. Kama anazitumia, hamishia zako kwenye namba za juu, 15 au 20 huko, ambako watu hawafiki.